Hojaji ya ubora wa maisha kwa walioumia uti wa mgongo: mwongozo kamili wa kujua kama majibu yako yanaaminika

Fungua sura ya tatu ya tasnifu yoyote kuhusu walioumia uti wa mgongo na karibu kila mara utakuta sentensi hii: hojaji iliyotumika imethibitishwa kuaminika. Inafuata namba, tuseme 0.87, iliyochukuliwa kutoka utafiti wa ng'ambo, na mwandishi anasonga mbele kana kwamba jambo limekwisha. Mtahini aliye macho atauliza: iliaminika kwa nani? Kwa wagonjwa wa Ulaya wanaojaza fomu wenyewe, au kwa kijana wa Nyalenda aliyeanguka na bodaboda, anayesomewa maswali na mgeni huku mama yake ameketi kando ya kitanda?

Kuaminika hakukai kwenye karatasi. Hukaa kwenye alama ulizopata kwa watu fulani, kwa lugha fulani, mikononi mwa wasaili fulani. Ukibadilisha kimojawapo, pima upya. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, fizio, muuguzi au afisa wa shirika aliye Kisumu, Nakuru, Kakamega au Eldoret ambaye amekabidhiwa hojaji na anatakiwa arudi na majibu. Hesabu zake si ngumu. Kazi kubwa iko kabla ya hesabu.

Tukisema hojaji inaaminika tunadai mambo matatu tofauti. La kwanza, mtu ambaye hali yake haijabadilika akiulizwa leo na tena baada ya muda, alama zake zisiyumbe. La pili, wasaili wawili wakimhoji mtu yuleyule wapate alama zinazokaribiana. La tatu, maswali yanayodaiwa kupima jambo moja yavutane upande mmoja. Mtu anaweza kupata la tatu na kukosa la kwanza, na ripoti nyingi huonyesha la tatu peke yake kwa sababu ndilo rahisi: unahoji mara moja tu, unabonyeza kitufe, namba inatoka.

Hatua ya 1: Ijue hojaji kabla ya kuichagua

Soma kila swali ukimwaza mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu. Usisome muhtasari. Soma maswali yenyewe.

SF-36, hojaji ya afya ya jumla inayotumika sana, ina maswali 36 katika maeneo 8. Eneo la utendaji wa mwili lina maswali 10, na nusu yake ni kutembea na kupanda ngazi: mwendo mrefu, mwendo wa wastani, mwendo mfupi, ngazi nyingi, ngazi chache. Mpe mtu ambaye miguu yake imepooza tangu ajali ya miaka tisa iliyopita. Yote matano atajibu kwamba hawezi kabisa, na wiki mbili baadaye atarudia hivyo hivyo, na mwakani pia. Kompyuta itafurahi. Majibu yamelingana, maswali yamevutana, namba ya kuaminika imepanda juu. Lakini hujapima lolote kuhusu maisha yake wiki hizo. Umepima kwamba miguu bado imepooza, jambo ambalo faili lake la hospitali lilikwisha kusema.

EQ-5D, hojaji nyingine fupi ya afya ya jumla, huleta tatizo la namna ileile, ila linajitokeza kinyume. Swali lake la kwanza linahusu kutembea, na katika toleo la ngazi tatu mtu huchagua: hana shida ya kutembea, ana shida kiasi, au ni wa kitandani tu. Sasa fikiria mwanamume anayejisukuma kwa kiti chake kila asubuhi hadi soko la Kibuye kuuza kadi za simu. Kutembea hawezi, na wa kitandani si yeye. Hakuna jibu lake pale, kwa hiyo atachagua lililo karibu na hisia za siku hiyo: leo "shida kiasi", wiki ijayo "kitandani". Hali yake ni ileile, alama zimeruka. Swali la SF-36 lilikupa uthabiti bandia, hili linakupa mtikisiko bandia. Yote mawili yanatokana na kudhani kwamba kuishi ni kutembea kwa miguu.

Kwa kazi nyingi za huku ningeanza na WHOQOL-BREF ya Shirika la Afya Duniani. Ina maswali 26: mawili ya jumla, 7 ya afya ya mwili, 6 ya afya ya akili, 3 ya mahusiano na watu, na 8 ya mazingira, yakiwemo pesa, usafiri na huduma za afya. Kila swali lina majibu ya ngazi tano na huhusu wiki mbili zilizopita. Swali lake kuhusu kwenda huku na huku halilazimishi miguu. Udhaifu wake uko kwenye lile eneo la maswali matatu, na tutalirudia.

Ukitaka kitu kifupi zaidi, kuna seti ya msingi ya kimataifa ya ubora wa maisha iliyotungwa mahsusi kwa walioumia uti wa mgongo na kuchapishwa 2012. Toleo hilo lina maswali matatu tu, alama 0 hadi 10: kuridhika na maisha kwa jumla, na afya ya mwili, na afya ya akili, kwa wiki nne zilizopita. Inafaa sana kliniki yenye foleni. SCIM nayo, ambayo mafizio wengi wanaifahamu, si kipimo cha ubora wa maisha hata kidogo. Inapima mtu anajifanyia nini mwenyewe: kula, kuoga, kujigeuza kitandani, kuingia kwenye kiti. Kuna wenye alama za chini za SCIM wanaosema maisha yao ni mazuri, na watafiti wameandika kuhusu jambo hilo tangu 1999 chini ya jina la kitendawili cha ulemavu. Usiwasahihishe.

Hatua ya 2: Vibali

Hapa pita haraka lakini usiruke. Unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti inayotambulika, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), na ruhusa ya kaunti au hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hiyo majina yakae mbali na majibu tangu siku ya kwanza. Andikia pia wenye haki za hojaji. Wengi hutoa kibali bure kwa mwanafunzi, na hapo ndipo utajua kama tafsiri ya Kiswahili tayari ipo. Usitafsiri upya kitu kilichokwisha kutafsiriwa.

Hatua ya 3: Lugha watu wanayoijibia

SF-36 ilitafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Tanzania, matokeo yakachapishwa 1999. Hiyo ni habari njema, lakini haimalizi kazi. Wale hawakuwa watu walioumia uti wa mgongo, na mzee wa Ahero au mama wa Vihiga hatumii Kiswahili cha Dar es Salaam. Huenda hata hataki kuongea Kiswahili akizungumzia uchungu wake.

Utaratibu unaojulikana ni huu: watafsiri wawili hufanya kazi kila mmoja kivyake, tafsiri zinaunganishwa, watu wengine wasioiona hojaji ya asili wanairudisha kwenye lugha ya kwanza, kisha kamati inakaa na matoleo yote. Katika kamati hiyo lazima awepo angalau mtu mmoja anayeishi na jeraha lenyewe. Asiketishwe kama mapambo. Yeye ndiye atakayesema "swali hili mtu wetu hatalielewa hivyo" kabla hujachapisha nakala mia mbili.

Baada ya hapo wahoji watu wachache kwa namna tofauti. Baada ya kila jibu muulize mtu alikuwa akiwaza nini. Ukiuliza kuhusu nguvu za kufanya kazi za kila siku, mmoja atakuwa amewaza nguvu za mikono, mwingine hamu ya kuamka asubuhi, mwingine damu. Hao watatu wakijibu "kiasi", hawajasema jambo moja. Rekebisha swali, jaribu tena, mpaka maelezo yao yaanze kufanana.

Halafu weka sheria moja isiyovunjwa: hakuna msaili kutafsiri papo hapo. Hili ndilo linaloharibu data nyingi za magharibi mwa Kenya. Msaili ana karatasi ya Kiswahili, mhojiwa anataka Dholuo, basi msaili anaitunga Dholuo yake mlangoni, na mwenzake aliye Manyatta anaitunga yake. Mna hojaji mbili bila kujua. Wahojiwa wakihitaji Dholuo, Kibukusu, Ekegusii au Kikalenjin, kila lugha iandikwe, ijaribiwe, na ihesabiwe peke yake. Huna uwezo wa lugha zote? Punguza eneo lako la utafiti. Ni heshima zaidi kuliko kujifanya umezimudu zote.

Hatua ya 4: Chumba, msaili, na majibu ya heshima

Aliyeumia shingoni mara nyingi hawezi kushika kalamu, kwa hiyo utamsomea. Basi wasomee wote, hata wale wenye mikono mizima. Ukichanganya waliojaza wenyewe na waliosomewa, tofauti ya njia itaingia kwenye alama na hutaitoa tena.

Andaa kadi kubwa yenye majibu matano, maandishi yanayosomeka kutoka mita mbili, na iweke mahali anapoiona bila kugeuza shingo. Asiyesoma apewe mstari wenye nyuso au duara zinazokua, mradi wote waonyeshwe kadi ileile. Jibu lake ni la sauti, au namba, au kutikisa kichwa ukifika kwenye jibu lake.

Sasa kwenye jambo ambalo vitabu vya takwimu haviligusi. Mtu wa huku ukimuuliza maisha yakoje, jibu la kwanza ni la adabu:

"Kwa jumla, mzee, ungesema maisha yako yakoje?"
"Aah, tunashukuru Mungu."
"Ni vizuri, mzee, tushukuru. Sasa kwa hizi wiki mbili zilizopita, kati ya haya matano kwenye kadi, ni lipi lililo karibu na wewe: mabaya sana, mabaya, si mabaya si mazuri, mazuri, au mazuri sana?"
"Si unajua tu vile mambo ni..."
"Nataka uniambie wewe mwenyewe, mzee. Nasoma tena polepole."

Msaili mvivu angesikia "tunashukuru Mungu" akaweka alama kwenye "mazuri". Mwingine angeitazama nyumba, akaona paa linavuja, akaweka "mabaya". Wote wawili wamejijibia wenyewe. Wafunze wasaili wako kulipokea jibu la adabu, kulishukuru, na kuyasoma majibu tena yote matano bila kuruka. Wasaidiane kwa kuigizana, mmoja akijifanya mhojiwa mbishi, mpaka sentensi zile zitoke vilevile kwa kila mmoja.

Angalia pia umevaa nini. Ukienda na fulana ya shirika linalogawa viti vya magurudumu, mtu ataona kwamba hali mbaya ndiyo inayoleta kiti. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wewe ndiye mgeni. Ukienda na sare ya hospitali aliyotibiwa, atakusifia ili asionekane hana shukrani. Akihojiwa mara ya kwanza na wa fulana na mara ya pili na wa sare, alama zitaruka na utalaumu hojaji. Vaa nguo za kawaida, eleza mwanzoni kwamba majibu hayaongezi wala kupunguza msaada wowote, na urudie maelezo hayo mara ya pili.

Kisha nani yuko chumbani? Mke, mama, kaka anayembeba hadi chooni. Usiwafukuze kwa ukali, kwa sababu wao ndio wenye nyumba na wao ndio wamekuwa wakimtunza. Omba faragha tangu unapopiga simu kupanga ziara, na mkifika mmoja wenu akae nje na mama, apige gumzo naye kuhusu shamba. Kama faragha imeshindikana, andika kwenye fomu nani alikuwepo, na ziara ya pili ifanyike katika hali hiyohiyo. Mtunzaji asijibu kwa niaba yake. Watunzaji huona mambo kwa jicho lao, na majibu yao ni data nyingine.

Lile eneo la mahusiano la WHOQOL-BREF lina swali la kuridhika na maisha ya kitandani kati ya mtu na mwenzi wake. Msaili wa miaka 23 kumuuliza hivyo mwanamume wa rika la baba yake, mama mkwe akipita na sufuria? Litaachwa wazi, au litajibiwa ili lipite. Panga msaili na mhojiwa wa jinsia moja inapowezekana, mwarifu mapema kwamba kuna swali la faragha na anaweza kuliruka, na lisome kwa sauti ileile uliyosomea mengine. Wengi wana mengi ya kusema hapo, kwa sababu hospitalini hakuna aliyewahi kuwauliza.

Muda nao. Usifike asubuhi mapema, maana hizo ndizo saa za kujisaidia na kuoga, kazi inayoweza kula saa nzima au zaidi. Uliza ratiba ya katheta, yaani mpira wa mkojo. Aliye kwenye kiti anahitaji kujiinua au kuinuliwa kila baada ya dakika 15 hadi 30 ili asipate kidonda cha kukalia, kwa hiyo weka mapumziko ndani ya mahojiano. Na kila msaili ajue hili: aliyeumia kuanzia T6 (pingili ya sita ya kifuani) kwenda juu, yaani kifuani juu au shingoni, anaweza ghafla kupata kichwa kinachogonga, uso mwekundu na jasho kwa sababu shinikizo la damu limepanda. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa au mpira wa mkojo uliojikunja. Mketishe wima, legeza nguo, kunjua mpira, na isipotulia mara moja mkimbizeni hospitali. Mahojiano yamekwisha hapo. Swali la mwisho la WHOQOL-BREF nalo hugusa huzuni na kukata tamaa, basi uwe na namba ya mshauri nasaha mfukoni kabla hujaliuliza.

Hatua ya 5: Kurudi mara ya pili

Ziara ya pili ndiyo moyo wa kazi, na ndiyo inayokatwa bajeti ikibana. Usikubali. Bora watu 50 waliohojiwa mara mbili kuliko 100 waliohojiwa mara moja.

Urudi lini? Mazoea ni wiki moja hadi mbili. Ukirudi baada ya siku mbili atakumbuka majibu yake na kuyarudia. Ukikaa mwezi, maisha yenyewe yatakuwa yamebadilika. WHOQOL-BREF huuliza wiki mbili zilizopita, hivyo ukirudi baada ya siku 14 unamuuliza kuhusu kipindi kingine kabisa, na ukirudi baada ya siku 7 nusu ya kipindi ni ileile. Mimi napendelea siku 10 hadi 14, mradi umwulize kilichotokea katikati.

Na hapa katikati hutokea mengi. Maambukizi ya mkojo ya siku tatu tu yanashusha kila kitu. Kidonda kinafunguka. Pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa ruzuku, shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo mara nyingi huja zikiwa zimelimbikizwa, zinaingia kati ya ziara ya kwanza na ya pili, na swali la pesa linapanda. Mvua za masika zinaanza, nyanda za Kano zinajaa maji, gurudumu halipiti tena hadi barabarani, na majibu ya usafiri na mazingira yanashuka. Hayo yote si makosa ya hojaji. Imefanya kazi yake. Kwa hiyo ziara ya pili ianze na maswali mawili: tangu tulipoongea, hali yako kwa jumla imebaki vilevile, imekuwa bora au imekuwa mbaya zaidi? Na kuna lililotokea: ugonjwa, pesa, msiba, safari? Hesabu yako kuu itumie wale waliosema "vilevile". Wengine waonyeshe kando.

Usiwachanganye na walioruhusiwa hospitalini juzi. Miezi ya kwanza mtu bado anajifunza mwili mpya, na kipimo chake mwenyewe cha neno "nzuri" kinahama. Tafuta waliokaa nyumbani angalau mwaka mmoja.

Idadi? Wataalamu wa vipimo hupenda 50 kwenda juu, 100 ikiwezekana. Ukipata watu 30 na namba ya kuaminika ya 0.80, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 0.62 na 0.90. Ukipata 50, ni kati ya 0.67 na 0.88. Kuwapata si rahisi. Anza kliniki za fizio za hospitali ya Jaramogi, ile wakazi wa Kisumu bado huiita Russia, au ya rufaa ya Nakuru, au Moi ya Eldoret. Kisha nenda ofisi ya kaunti ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, vikundi vya wenye ulemavu, na wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao hujua kila boma. Ukiwachukua wa kliniki peke yao utawakosa wale wasio na nauli ya kufika kliniki.

Kuhusu wasaili wawili: kwa watu 20 hivi, ziara ya pili ifanywe na msaili mwingine asiyeona fomu ya kwanza. Ukiwa na idhini ya kurekodi, njia nyepesi ni mwenzake kusikiliza sauti na kujaza fomu yake kivyake. Inaonyesha upesi nani anajijibia. Haionyeshi, hata hivyo, jinsi msaili mwenyewe anavyomfanya mtu ajibu, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Hatua ya 6: Hesabu

KoboToolbox ni ya bure na hukusanya data bila intaneti. Jamovi, JASP na R, programu za takwimu, pia ni za bure. Huna sababu ya kutumia SPSS ya wizi.

Kwanza geuza maswali yaliyo kinyume. Katika WHOQOL-BREF ni la 3, la 4 na la 26: toa jibu kutoka 6. Ukisahau, eneo la afya ya mwili litaonekana limevurugika na utatafuta mchawi bure. Mtu aliyekosa zaidi ya asilimia 20 ya majibu, yaani zaidi ya maswali matano, mwondoe. Alama ya eneo ni wastani wa maswali yake mara 4, kisha toa 4, zidisha kwa 100, gawanya kwa 16, upate 0 hadi 100.

Kisha alfa ya Cronbach, iliyoletwa na Lee Cronbach 1951, namba inayoonyesha jinsi maswali yanavyovutana upande mmoja. Kwa kulinganisha vikundi watu huridhika na 0.70, na kwa uamuzi kuhusu mgonjwa mmoja hutaka 0.90. Lakini angalia alfa inavyodanganywa na urefu. Tuseme maswali yako yanahusiana kwa wastani wa 0.30, uhusiano hafifu. Yakiwa matatu, alfa ni 0.56. Yakiwa manane, 0.77. Yakiwa 26, 0.92! Maswali hayajawa bora, yameongezeka tu. Ndiyo maana kumwaga maswali yote 26 kwenye alfa moja na kuandika "0.92, bora sana" si ushahidi wa lolote. Hesabu eneo kwa eneo. Na eneo la maswali matatu likikupa 0.6 usishtuke: katika majaribio ya kimataifa ya WHOQOL-BREF yaliyochapishwa 2004, watu 11,830 wa nchi 23, eneo hilo lilipata 0.68 huku mengine yakifika 0.80 na kupita.

Kwa ziara mbili tumia ICC, namba inayoonyesha jinsi alama za ziara hizo zinavyolingana, 1 ikiwa kulingana kabisa. Usitumie uwiano wa Pearson, na hii ndiyo sababu. Watu watano walipata 40, 50, 60, 70 na 80. Mara ya pili wakapata 50, 60, 70, 80 na 90. Pearson ni 1, kamili. Lakini kila mmoja amepanda alama 10, pengine kwa sababu wamekuzoea. ICC inayodai alama zenyewe zilingane inashuka hadi 0.83. SPSS usipoigusa itakupa ICC inayoangalia mpangilio tu, ambayo hapa pia ingekuwa 1, kwa hiyo badilisha chaguo hilo na uandike kwenye ripoti ulitumia ipi. Chora pia mchoro wa Bland na Altman, wa 1986: tofauti ya kila mtu dhidi ya wastani wake. Kupanda kwa pamoja kutaonekana kwa macho. Kwa swali mojamoja tumia kappa yenye mizani, kipimo cha kulingana kwa majibu ya ngazi.

ICC chini ya 0.5 ni duni, 0.5 hadi 0.75 ni ya wastani, hadi 0.9 ni nzuri. Ila ICC hutegemea pia umewakusanya nani. Tuseme kosa la kipimo, yaani kiasi alama ya mtu inavyoyumba bila yeye kubadilika, ni alama 6.4. Kwa kundi lenye watu wa kila aina, mchepuko sanifu (jinsi alama zilivyotawanyika) 16, ICC ni 0.84. Kosa lilelile kwa kundi la watu wanaofanana, wote vijana wa kikundi kimoja cha Kaptembwo walioumia kiunoni, mchepuko sanifu 9, ICC inaporomoka hadi 0.49. Hojaji ni ileile. Changanya viwango vya jeraha, umri, mji na kijiji, wanawake na wanaume.

Kwa mtu wa kliniki, namba yenye manufaa kuliko zote ni hilo kosa la kipimo: mchepuko sanifu mara kipeuo cha pili cha 1 kutoa ICC. Kwa mfano wetu, 16 mara 0.4, ni 6.4. Zidisha kwa 2.77 upate badiliko dogo kabisa ambalo unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba si bahati: karibu alama 18. Maana yake mgonjwa mmoja akipanda kutoka 52 hadi 62 baada ya miezi mitatu ya mazoezi, usimpigie vigelegele kwenye ripoti ya mfadhili. Wastani wa kikundi ni habari nyingine, makosa ya mmojammoja hupunguzana.

Hatua ya 7: Namba zikiwa mbaya

Usianze kufuta maswali ili alfa ipande. Rudi nyuma kwa mpangilio huu. Je, maswali ya kinyume yaligeuzwa? Je, msaili mmoja ndiye anayeleta tofauti? Gawanya data kwa msaili uone. Je, ni lugha moja? Je, ni swali moja linaloshindana na wenzake? Kama zaidi ya asilimia 15 ya watu wako wamerundikana kwenye alama ya chini kabisa au ya juu kabisa, eneo hilo haliwezi kuwatofautisha, hata ICC yake iwe nzuri namna gani. Yote yakishindikana, andika kwamba eneo hilo halikuaminika kwa watu hawa na usilitumie kwenye hitimisho. Wasimamizi wengine hawapendi sentensi hiyo. Ibaki.

Kwenye ripoti, badala ya ile sentensi ya kawaida ya sura ya tatu, andika hivi, ukijaza namba zako: "Watu idadi fulani waliokaa na jeraha mwaka mmoja au zaidi walihojiwa mara mbili nyumbani, kwa Kiswahili au Dholuo, siku 10 hadi 14 kati ya ziara. Waliosema hali yao haikubadilika walikuwa idadi fulani. ICC ya kulingana kwa alama kwa kila eneo ni hizi, pamoja na mipaka yake ya asilimia 95, kosa la kipimo ni hili, na badiliko dogo linaloaminika ni hili. Majibu yaliyokosekana yalikuwa mengi zaidi katika swali hili." Weka kadi ya majibu na maneno kamili ya kila lugha kwenye kiambatisho, ili atakayekuja Siaya au Bungoma mwakani asianze kutafsiri upya.